Nusu Kilo Zaidi

Montana, Agosti

Shangazi Lorna mpendwa,

Bado nasikia goti la Baba lilivyolia ka! tukishuka mlimani na nyama ya kulungu mwaka jana. Huku tu wazima, nyasi za ng'ombe zimeshakatwa.

Juzi tulikwenda kuchagua hema jepesi la kuwindia. Baba akaliinua la mtu mmoja kwa kidole.

"Chukua hili, binti. Mimi nitabaki nyumbani nikilinda jiko."

Alicheka, lakini hakunitazama. La watu wawili lilikuwa zito zaidi kwa nusu kilo.

"Nusu kilo mlimani ni jiwe," akanionya.

"Nani kakwambia utalibeba wewe? Wewe beba kahawa na maneno yako."

Nimenunua la wawili, Shangazi, na vibali vya kuwinda vya Oktoba nimeshakata: changu na cha Baba.

Mwanao,
Maren