Walikupima Baada ya Nyimbo

Mpendwa Mama Ngoie,

Unisamehe kimya hiki kirefu. Tangu tulipokuzika sijakuandikia hata mstari mmoja, ingawa nilitumia maisha yangu kuwafundisha watoto wa Kamina kuandika barua. Kila niliposhika kalamu, hasira ilitangulia maneno. Leo pia haijaisha, lakini pana jambo ambalo ni lazima ulijue.

Unakumbuka tulivyoishi vita vilipoanza? Mshahara wa mwalimu ulikuwa umekuwa hadithi. Ulipanda treni, siku ilipokuwapo, ukanunua samaki wakavu Bukama, ukarudi umekaa juu ya magunia yako. Pale stesheni askari walijichagulia samaki wakubwa kwanza. Ulifika nyumbani umeshika kichwa, na bado ulinitania nilipokusahihisha Kiswahili chako mbele ya watoto: "Bwana Mwalimu, minyi niko nauzisha samaki, hapana grammaire!" Walicheka sana. Nami nilicheka, ila niligeuka ukutani kwanza.

Kichwa hicho kilikupeleka mara nyingi kwenye zahanati ya kanisa. Unaijua desturi yao: asubuhi wagonjwa huketi kwenye mabenchi, husomewa neno, kisha huimba. Wewe ndiwe uliyeanzisha sauti ya kwanza. Uliimba umefumba macho, mabega yakishuka, kana kwamba duniani hakuna askari wala magunia. Baada ya amina ya mwisho ndipo muuguzi alipokufunga mkononi kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu.

"Mama, tension yako iko bien kabisa. Weye utatuzika shiye bote!"

Mkacheka pamoja. Kwa saa ile alisema kweli, shinikizo lilikuwa sawa. Saa nyingine zote hakuna aliyeziuliza.

Kisha akaja yule daktari aliyekimbia vita huko kaskazini, akalala kwetu siku chache. Chombo chake cha kupimia alikuwa amekificha ndani ya nguo. Alasiri moja ulitoka stesheni ukiwa umenyang'anywa gunia zima, naye akakuketisha. Alipima mkono mmoja, akapima wa pili, akaacha mzaha.

"Mama, hii iko juu sana. Sababu gani bale ba zahanati habakukuambia?"

Asubuhi iliyofuata tulirudi zahanati. Neno, nyimbo, amina, kitambaa: bien kabisa. "Machine ya ule docteur iliharibika mu njia," walisema, na vidonge hawakukupa. Daktari mwenyewe alikuwa ameshika njia ya Zambia. Kabla mvua hazijaanza ulianguka alasiri mbele ya samaki wako, nao ndugu zako wakaja kuniuliza ni nani aliyekuloga. Makaburini muuguzi alisema, watu wote wakisikia, "Alikuwa muzima. Tulimupima." Hakuna neno lililowahi kuniuma kama hilo.

Sasa binti yetu Ngoie ana mimba yake ya kwanza. Miguu yake imevimba. Akitoka kuuza sokoni alasiri, kichwa kinamgonga na macho yanaona vimulimuli. Asubuhi huenda zahanati, huimba kwa sauti yako, nao humwambia maneno yale yale. Nilikwenda kwao nikawaomba kwa adabu chombo kije nyumbani alasiri, apimwe akiwa amechoka.

"Baba, machine haitoke hapa," muuguzi alinijibu. "Kama kila muntu anaomba ivi, tutafanya namna gani?"

Nilimwambia kwamba mke wangu hakuomba, na kaburi lake analijua. Mchungaji akasema tumwombee Ngoie. Ninamwombea kila siku, na bado nataka apimwe.

Ngoie mwenyewe ananisihi ninyamaze. "Papa, banasema niko muzima. Unanipatisha haya." Hataki kuwaudhi watu wa kanisa, kama wewe ulivyokuwa hutaki.

Kamati ya zahanati itaketi Jumapili baada ya ibada. Nitasimama na kulitaja jina lako, wapende wasipende. Wakikataa, itabaki treni ya kwenda hospitali kubwa ya Lubumbashi, nayo imejaa askari, na hakuna ajuaye itasimama wapi wala kwa muda gani. Kumpandisha mwenye mimba humo ni hatari. Kumwacha aendelee kuambiwa bien kabisa ni hatari ninayoijua kwa sura.

Jambo likishaamuliwa, nitakuandikia. Usitarajie barua ndefu. Nitakuambia kama walikubali au tulisafiri, na kama binti yako yu hai.

Mume wako,
Baba Ngoie