Deus Alivyotuponyoka Kwenye Matembezi ya Uholanzi

Thornton Heath,
London.
Jumanne, 20 Mei 2025.

Mpendwa wifi Anastasia,

Shikamoo. Naomba barua hii ikufikie hapo Kamachumu ukiwa umeamka vizuri, na mgongo umekuachia angalau ufike shambani bila kupumzika njiani. Miguu je, bado inavimba jioni? Na mwanao Faustine amemaliza kuezeka nyumba yake, au mvua imemkuta bado yuko kwenye kuta? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto linanisumbua kwenye ngazi, lakini kazini naenda.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu ningeanza kusema halafu ningekata. Hata hii mistari michache nimeiandika huku nimeinuka mara mbili kwenda kutazama kama mlango umefungwa, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Wifi, mwezi wa tatu ulinitumia ujumbe wa sauti. Ulisema nimemficha mdogo wako Deus, kwamba kila ukipiga nakwambia amelala au yuko bafuni. Ulisema hukumbeba mgongoni baada ya mama yenu kufa ili mwanamke mmoja aje amfungie Ulaya. Niliusikiliza nikiwa kwenye basi natoka kazini, nikapitiliza kituo changu. Sikukujibu, maana ulikuwa umesema kweli. Nilikuwa namficha.

Deus ana ugonjwa wa kusahau. Si kule kusahau kwetu kwa kutafuta miwani iliyo usoni. Ulianza mwaka juzi, kabla hajaacha udereva. Siku hiyo alifikisha basi mwisho wa njia, abiria wakashuka wote, akabaki ameshika usukani hajui kurudi ni upande gani. Njia hiyo alikuwa ameiendesha miaka kumi na tisa. Walimpima, wakampiga picha ya kichwa, wakatuambia ubongo unachakaa kabla ya wakati wake, na dawa zitauchelewesha tu ugonjwa, haziuondoi. Ana miaka sitini na mbili, wewe unajua.

Ugonjwa huu haumlazi kitandani. Unamtembeza. Tangu alfajiri ni dirishani, jikoni, mlangoni, dirishani tena. Anavaa koti, analivua, analivaa. Ukimuuliza unakwenda wapi, anasema anachelewa. Ameshatoka peke yake mara tatu, na mara ya mwisho alirejeshwa na Jitendra, jirani yetu mwenye duka la dawa, aliyemkuta katikati ya barabara akiwaelekeza madereva pa kupita. Nami nimekuwa kama yeye. Kazini, pale kwenye nyumba ya wazee, natandika kitanda nilichokitandika dakika tano zilizopita. Nikikaa, miguu inacheza yenyewe.

Mtoto wetu Koku, ambaye Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, ndiye aliyesema kama baba anataka kutembea, basi tumtembeze. Alitafuta mahali pasipo na mlima kwa ajili ya goti langu, na peupe, ili hata akitutangulia tumwone. Akapata matembezi mepesi ya Uholanzi, ya mjini na ya shambani. Tukapanda treni mwishoni mwa Aprili.

Sijui nikuelezeje nchi ile. Kwetu ukitoka mlangoni ama unapanda ama unashuka. Kule ardhi imelala kama meza. Wanaziita polda: zamani palikuwa maji, watu wakazungushia tuta, wakayatoa maji kwa vinu vya upepo, siku hizi kwa mashine, na sasa ng'ombe wanalisha chini kuliko mto unaopita kando yao. Unatembea juu ya tuta, mkono wa kulia mto, mkono wa kushoto mapaa ya nyumba za watu yapo chini ya miguu yako. Wenyeji wanaendesha baiskeli bila wasiwasi. Mimi kila nilipoutazama ule mto, nilikuwa nawaza kuna mtu mahali fulani amesahau kufunga kitu.

Tulifikia mji wa Gouda. Siku ya kwanza tulitembea mjini tu, kando ya mifereji, njia za matofali, kengele za kanisa zinapiga kila baada ya muda mfupi. Sokoni kuna jibini za duara, kubwa kama gurudumu la toroli. Deus alionja vipande vitatu akauliza ndizi ziko wapi. Siku ya pili tukaenda shambani. Njia za kule zina vigingi vyenye namba, unatoka namba hadi namba, na namba wifi bado hazijamtoka. Alishika karatasi yenye hizo namba mwenyewe. "Kumi na saba, halafu arobaini na mbili," anatutangazia, kama enzi za basi lake. Siku nzima hakusema anachelewa. Nililala kama mtu.

Siku ya tatu Koku aliamka na malengelenge kisiginoni, nikamwambia abaki, mimi na baba yake tutakwenda pafupi. Hilo ni kosa langu, wala simsukumii mwingine.

Tulipumzika kwenye mkahawa ulio ndani ya shamba. Nikaenda chooni. Nilipotoka kiti kilikuwa kitupu na kahawa yake bado inatoa moshi. Nikatoka nje, na kwa sababu nchi ni tambarare nikamwona mara moja, koti lake la kahawia, labda nusu kilomita, anakwenda upesi. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikaanza kumfuata ndipo nikaelewa. Katikati yetu kuna mitaro ya maji, mmoja baada ya mwingine, na maji yake yamefunikwa na vijani vidogo vya kijani hata unadhani ni majani ya kukanyaga. Njia ya kumfikia inazunguka. Nilimwita, upepo ukaichukua sauti. Kila alipokaribia ukingo wa mtaro nilimwita tena. Kumwona hakukunisaidia kitu, wifi. Nilikuwa namwona tu.

Alifika kwenye mfereji mpana usio na daraja. Hapo pana kivuko kidogo cha mbao kinachovutwa kwa mnyororo. Mwenye kuvuka anazungusha gurudumu mwenyewe. Akapanda, akazungusha, akavuka. Nilipofika ukingoni nahema, yeye yuko ng'ambo na kivuko kiko kwake.

"Deus, usiende, nisubiri," nikamwambia.

Alinitazama kwa adabu. "Shikamoo mama," akasema. "Unatafuta mtu?"

Miaka thelathini na moja ya ndoa, wifi. Nilikosa nguvu ya kumwambia ni mimi. Nikasema, "Namtafuta mume wangu."

"Sijamwona. Nami nina haraka, dada yangu ananisubiri. Hali chakula mpaka nifike."

"Dada yako yupi?"

"Anastasia. Nina mmoja tu."

Nikuambie ukweli, iliniuma. Nimemvisha viatu asubuhi ile, nimemkatia mkate, nimesahauliwa, na wewe ambaye alikuona mara ya mwisho miaka saba iliyopita unatajwa kwa jina. Lakini alikuwa ameshageuka kuondoka, na nyuma yake kuna mtaro mwingine.

"Nami nakwenda kwa Anastasia," nikasema. "Ni wifi yangu. Njoo univushe, twende wote."

Akasimama akafikiri. "Wifi yake Anastasia?"

"Ndiyo."

"Basi kaa hapo hapo mama, usiguse mnyororo, nakuja."

Akaja. Alizungusha lile gurudumu taratibu, macho mbele, kama dereva mwenye abiria. Alinipa mkono, akasema niangalie nisiteleze. Tulipofika katikati ya maji akatazama mguu wangu, akasema, "Gladness, hili goti si nilikwambia ulipumzishe?" Alisema hivyo tu, kama vile hakuwa amekwenda popote. Nililia mpaka tukagonga ukingo, naye akadhani ni goti.

Sikumwachia mkono mpaka hotelini. Koku aliposikia yote akaniambia kwamba hatuwezi kumficha baba asionwe na mtu yule yule anayemwendea. Alilisema kwa Kiswahili, kimevunjikavunjika, lakini Kiswahili.

Niliona aibu, wifi. Aibu ya kwamba nilikabidhiwa mtu mzima na nitarudisha nusu. Tena niliogopa watakaosema amerogwa, au kwamba mimi ndiye niliyempa kitu. Sasa uoga huo nimeuchoka.

Tunakuja. Tiketi ni za tarehe tisa mwezi wa saba. Kazini nimeomba miezi miwili bila mshahara, Koku atatufuata Agosti. Daktari amesema anaweza kusafiri na ameniandikia dawa za kutosha. Baada ya hiyo miezi miwili sijui. Pengine tutarudi wote, pengine yeye atabaki kwako nami nitakuwa wa kwenda na kurudi. Hilo tutalikaa tulizungumze, mimi na wewe, uso kwa uso.

Kwa sasa piga simu kila siku saa tano asubuhi za huko, nitampa simu yeye mwenyewe. Anza kwa kutaja jina lako. Usimuulize kama anakukumbuka, maswali hayo yanamtesa. Akikuambia mama amekwenda sokoni, usimwambie amekufa. Na geti la uani Faustine alitengenezee komeo la juu kabla hatujafika. Mtu akija na habari za uchawi, mkatalie kwa niaba yangu, na kama una neno la kunigombeza liweke, nitalipokea mlangoni.

Wasalimie Faustine na mkewe Blandina, na watoto wao wote, na mchungaji, mwambie atutaje kwenye ibada. Mungu akupe nguvu za mwili za kutupokea na moyo wa kunisamehe.

Nilipofika hapa Deus ametoka dirishani, ameniuliza namwandikia nani. Nimemwambia. Amevuta kiti, amekaa karibu yangu, na hajainuka tena. Anasema nikwambie anakuja.

Ni mimi wifi yako, nisiyeacha kukupenda,
Gladness