Nondo wawili ndani ya glasi

Jumanne jioni

Na bado nacheka! Baraka, mume wangu (niandike tena: mume wangu!), tumebishana leo kwa mara ya kwanza, na sababu ni nondo.

Walikuwa wakiruka chumbani, wadogo kama punje za mchele. Nilishtuka, maana suti yake ya sufu, ile ya harusi, ndiyo atakayovaa Jumapili tukienda kwa wazazi wangu. Hana nyingine.

"Hawa ni wa nguo," akasema. "Mimi niko mutoto wa fundi wa kushona, nawajua."

"Na mimi mutoto wa muuza muchele wa soko ya Nyawera! Hawa ni wa muchele, sheri wangu. Gunia iko chini ya kitanda."

Tukakamata wawili, tukawafunika kwa glasi, vichwa vyetu vikigusana. Wangu, wa mchele, alikuwa na mabawa ya rangi mbili, nusu kijivu hafifu, nusu nyekundu kama shaba. Wake alikuwa na rangi moja tu ya nyasi kavu, na tulipomulika tochi akakimbilia kivulini, kama wafanyavyo nondo wa nguo.

"Unaona?" akasema, lakini bila furaha.

Basi sote tulisema kweli. Tukaipekua suti mshono kwa mshono, mimi nikiomba kimoyomoyo. Hakuna hata tundu moja! Akaniinua juujuu kama siku ya harusi.

Naogopa bado mayai tusiyoyaona. Lakini kesho asubuhi suti yake na mchele wangu vitaanikwa pamoja uani, na majirani waseme watakavyo.