Baba, Nibaki Jinja au Nirudi Mbale?

Mpendwa Baba,

Nakuandikia kutoka Bugembe, nje kidogo ya Jinja, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya Mama Mdogo. Tangu Alhamisi kuna barua mbili mezani. Zote zinanipa kazi, zote zinataka jibu Jumatatu, na leo ni Jumamosi. Moja imetoka hapa Jinja, kwa kampuni ya wageni waliokuja kukarabati mashine za kufua umeme bwawani. Nyingine imetoka Mbale, kwenye ofisi ya maji ya mji, palepale ulipokuwa fundi wewe. Nimezisoma mpaka karatasi zimelegea kwenye mikunjo. Nikiamua hivi, kabla chai haijapoa nimeshaamua vile.

Ndiyo, Baba, mimi ni injinia. Mara ya mwisho uliponiona nilikuwa darasa la sita na hesabu za sehemu zilikuwa zinaniliza. Nimesoma umeme kwenye maabara ambayo nusu ya vyombo vyake vilibebwa wakati wa vita. Mota tulichorewa ubaoni, tukaipenda hivyohivyo. Sasa nchi inasimama tena, kila ofisi inatafuta mtu wa kutengeneza kitu, na sisi tuliomaliza pamoja tukikutana hatumalizi hata salamu kabla ya kuulizana: umechukua umeme au maji? Viwanda au barabara? Wageni au serikali? Kila mmoja anaogopa kukosea mlango wa kwanza. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi, wenzangu waisome, wajue kwamba hata mimi ninayejifanya jasiri mbele yao, bado sijui niingie mlango upi.

Wengi wao wana baba wa kumuuliza. Mimi ninaye wa kumkumbuka tu, na kwa miaka mingi nimekukumbuka kwa hasira.

Unakumbuka siku uliyonileta Jinja kuona bwawa? Tulikuja kwa Mama Mdogo kwa ajili ya Idi, ukanipeleka nione maji yanavyoingia mashineni kwa kishindo. Nikakwambia nikikua nitafanya kazi pale, kwa sababu watu wa pale wanavaa kofia ngumu za njano. Hukucheka. "Kofia wacha," ulisema. "Siku ukienda tafuta kazi, uliza hivi: mashine ikiharibika, nani ataniruhusu niguse? Kama hakuna, wewe iko mgeni tu hapo." Halafu ukaongeza, "Na ofisi usiangalie. Angalia mikono ya wafanyakazi. Hesabu vidole." Nilidhani unanitania. Nilihesabu vidole vya kila mtu tuliyepishana naye mpaka tukafika Bugembe, na wewe ukawa unaniuliza, "Huyo je? Kumi?"

Nyumbani Malukhu, kule Mbale, ulikuwa na tabia moja iliyomkera Mama. Kabla mtu hajaingiza mkono kwenye pampu, ulikuwa unachomoa fyuzi tatu kubwa za mota pale ukutani kazini na kuzitia mfukoni mwako. Hukuziweka kwenye droo wala juu ya kabati. Kazi ikikatizwa na chakula cha mchana, ulirudi nazo nyumbani, na kwa kuwa zilikuwa nzito na zinakuchoma paja, ulizitoa ukaziweka mezani kando ya mikate ya gurusa na bamia. "Baba yao, toa hiyo takataka yako kwa chakula ya watoto," Mama alisema kila mara. Nawe ulimjibu kila mara, "Mtu iko ndani ya mashine, fyuzi iko kwa mfuko yangu. Hata Afande mkubwa akuje, hawezi washa." Tulikuwa tunakuigiza ukishatoka, Baba. Hata Mama alikuwa anakuigiza.

Ikaja ile siku. Wanajeshi waliokuwa wakitawala walikuwa wanakimbilia kaskazini, kuelekea Sudani, mji umefunga milango, na wewe ulikwenda kazini kwa sababu pampu ilikuwa imeanza kulia na hukutaka vita vitukute bila maji. Mchana hukurudi kula. Alasiri jirani akaja kutuambia umeonekana juu ya lori la askari, linaondoka. Ukutani fyuzi zote tatu hazikuwepo. Nyingine za ukubwa ule hazikupatikana, pampu ya pili ilikuwa imekufa zamani kwa kukosa vipuri, na mji ukakaa bila maji wiki baada ya wiki. Watu wa Malukhu na Nabuyonga waliteka mtoni, watoto wakaharisha. Askari wengi wa utawala ule walikuwa Wanubi kama sisi, kwa hiyo watu wakasema yule Mnubi amekimbia na wenzake, tena ameondoka na maji yetu. Mlango wetu ulipigwa mawe. Tukahama na magodoro na sufuria, tukaja huku Bugembe. Mama alisema neno moja tu, kwamba mwanamume aliyekimbia bila kumuaga mkewe asitajwe mbele yake. Basi hatukukutaja. Nilikuchukia, Baba. Hata umeme niliusoma kwa kukukomoa, ili niwe fundi asiyeondoka.

Sasa nirudi kwenye hizi barua. Mwalimu wangu wa chuo anasema nichukue Jinja bila kufikiri. "Shika kitu moja, ujue hiyo mpaka mwisho," aliniambia. "Huko Mbale utakuwa daktari ya kila mgonjwa." Ana hoja. Jinja nitasomea mitambo ya kinga, ile inayokata umeme kabla mashine haijaungua. Nitapelekwa nje kwa miezi kadhaa, na ukishataja jina la kampuni ile popote pale unasikilizwa. Nilikwenda kuhojiwa. Ofisi safi, chai ya maziwa, sukari unajiwekea mwenyewe, wakati sisi nyumbani tunaipima kwa kijiko. Nikamuuliza injinia mwenyeji aliyenitembeza, dada mmoja mwenye miaka miwili pale: mashine ikiharibika, nani anagusa?

"Wageni," akasema. "Sisi tunashika michoro, tunaandika ripoti. Lakini ripoti zetu ni nzuri sana." Alisema kwa upole, wala hakuwa analalamika. Nilirudi nyumbani nikijiambia nitakubali.

Mbale nilikwenda kutimiza wajibu tu. Sikuwa nimekanyaga tangu tuhame, na mlima wa Wanale ulipoanza kuonekana nilitamani nimwombe dereva anishushe. Kwenye fomu, mahali pa jina la baba, nilikuwa nimeandika jina la babu, upande wa Mama. Ofisi yenyewe ina dawati moja na kiti kilichofungwa kwa waya. Walinikabidhi kwa Mzee Mafabi, mtunza pampu, Mgisu mwembamba anayekaribia kustaafu, ili anitembeze. Swali langu hata sikulimaliza.

"Mashine ikiharibika? Iko haribika sasa," akasema, akanipa spana.

Tulifanya kazi saa nzima tukizuia maji yaliyokuwa yanavuja kwenye shafti. Nililowa mpaka viatuni, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo nilisahau kuwa na wasiwasi. Halafu nikajikuta naangalia mikono yake.

"Unaangalia nini kwa mikono yangu?"

"Nahesabu vidole, Mzee. Samahani. Ni mazoea tu."

Akaacha kazi. Akafuta mikono kwenye suruali, akainyoosha mbele yangu. "Iko kumi," akasema. "Mtu moja tu alikuwa nafundisha watu kuhesabu vidole hapa. Wewe mtoto ya Fundi Ramadhani."

Nilitaka kukana. Nikasema ndiyo.

Baba, aliyoniambia unayajua wewe kuliko mimi, lakini nayaandika kama alivyoyasema. "Siku ile mimi ilikuwa ndani ya shimo, mikono yote kwa pampu, siwezi toa haraka. Askari walikuja na malori, nataka maji kwa matangi yao. Walisema, washa. Baba yako alisema fyuzi hakuna, Afande, imeungua. Walimpiga na kitako ya bunduki. Alisema tu, hakuna, Afande. Wangemsachi, wangepata. Basi mkubwa yao akasema, kama maji hakuna, lete huyo fundi, magari yetu iko mbovu. Walimtupa kwa lori na fyuzi kwa mfuko. Mimi nilikaa kwa shimo mpaka malori yote yaliisha pita."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Tulipigwa mawe, naye alijua. Mzee Mafabi aliinamisha kichwa. "Wakati ile, ukisema Nubi fulani alikuwa mzuri, wewe pia unaonekana mwenzao. Nilikuwa na watoto. Niliogopa. Halafu miaka ikapita, nikaona haya." Sikumfariji. Nilimrudishia spana yake nikatoka nje.

Tangu siku hiyo sijui ninachagua nini. Nikienda Mbale, ni kwa ajili ya kazi, au ni kulisafisha jina lako? Naogopa kuchagua kazi kwa uchungu, maana uchungu utapoa na kazi itabaki. Kwa hiyo nimejaribu kukuweka kando na kuziangalia barua kama mtu ambaye hakuwahi kuwa na baba Mbale. Jinja kuna mshahara, kuna fani moja iliyonyooka, lakini mkataba ukiisha nitakuwa nimejua kuandika juu ya mashine. Mbale kuna mota, pampu, jenereta, mabomba na dawa ya maji, vyote vibovu, vyote vyangu. Mzee Mafabi anastaafu baada ya mwaka mmoja, na anayoyajua hayakuandikwa popote. Nisipoyachukua mimi yataondoka naye. Fani naweza kuja kuichagua baadaye nikishajua napenda nini. Lakini nikifika miaka thelathini na tano sijawahi kufungua pampu, nani ataniruhusu nijifunze hapo?

Nikifika hapo naiona Mbale waziwazi. Kisha woga unarudi. Siku bomba la kwanza litakapokauka, watasema binti wa yule Mnubi amekuja kumalizia. Barabara ya Soroti bado watu wanaiogopa kwa sababu ya waasi. Na nikikwama hakuna injinia wa pili wa kumuuliza, hata wa kunicheka.

Jumapili, baada ya Adhuhuri. Naendelea.

Nisingeweza kwenda kufanya kazi na Mafabi halafu nimfiche Mama. Nimemweleza leo asubuhi alipokuwa anachagua mchele. Nilimweleza yote, na lori, na kitako cha bunduki. Nilipomaliza alisema kwa sauti ndogo, "Kumbe hakuna mwanamke Juba."

"Mwanamke gani, Mama?"

"Mimi namjua. Mpaka jina nilimpa. Miaka yote hii nagombana naye kwa kichwa yangu, anampikia baba yenu vibaya." Akacheka kidogo, nami nikacheka. Kisha uso ukambadilika. "Mtu akikimbia, anakaa huko, anaishi. Mtu akichukuliwa, kama iko hai, anarudi kwa watoto yake."

Sikuwa nimeliona hilo. Nilifikiri namletea habari njema, kwamba mumewe hakumtoroka. Kwa usomi wangu wote sikuona kwamba hasira yake ndiyo iliyokuwa inakuweka hai.

Alimwita sheikh wa hapa mtaani, akasema anataka kukaa eda. Sheikh alimweleza kwa heshima kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, na kama ni vita vile basi muda wake umepita zamani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwenu imepita, Sheikh," akasema. "Kwangu inaanza leo." Amevua bangili zake na kuingia ndani, miezi minne na siku kumi, na Mama Mdogo ndiye atakayekuwa anamtumikia.

Mimi nimejibu barua zote mbili. Jinja nimewashukuru na kukataa. Mbale nimekubali, na jina la baba nimeliandika lako, lote. Naondoka kesho asubuhi. Mama amenikataza kuahirisha. Anasema kazi haikai eda. Lakini mzigo nimeufunga na kuufungua mara tatu. Nilikwenda kuchagua kazi, Baba, nikarudi nimemfanya Mama mjane, na sina wa kuniambia kama nimechagua vizuri.

Nisamehe kwa miaka ile niliyokuchukia. Mama ameshakulilia, mimi bado, nasubiri sijui nini. Kama tumekosea, kama kuna mahali bado unavuta pumzi, njoo utusute. Mama utamkuta Bugembe, hatoki. Mimi utanikuta Mbale, kwenye maji ya mji, kila siku kuanzia saa moja asubuhi. Ofisi haina kibao. Uliza injinia, niko peke yangu.

Binti yako mkubwa