Dawa ya Njomba na Mtoto Asiyekuja

Mpendwa Bi Kibibi, naomba unisaidie kabla sijapanda basi, maana nimeitisha kikao cha ukoo Masasi Jumamosi ijayo na sina hakika tena na ninachokwenda kukisema.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mzaliwa wa Makote, Newala, niliondoka mwaka 1978 kuja kufanya ukarani kwenye mashamba ya mkonge huku Muheza na sikurudi kukaa tena, ingawa kila Oktoba pua yangu bado hutafuta harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyochacha, na kwa kuwa kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, ndoa ya Somoe, binti wa marehemu dada yangu, iko mikononi mwangu mimi njomba wake, nami nimeiongoza kwa simu. Somoe ana miaka ishirini na saba, ameolewa miaka miwili sasa na Faridi, fundi pikipiki wa Mkomaindo pale Masasi, na mtoto hajaonekana, wala sikukaa bure, nilikumbuka mizizi ambayo bibi yangu aliwapa wanawake walioharibikiwa mimba na baadaye wakazaa, nikaiagiza kutoka Makote, ya kunywa miezi mitatu, pamoja na mwiko wake kwamba mke na mume wasilale pamoja mpaka dozi iishe, na dozi nimeitoa mara tatu. Kila Septemba hadi Desemba Faridi huenda peke yake Makote kuhudumia mikorosho yetu, kama mkwe yeyote mwema, na Somoe hubaki Masasi na biashara yake ya vitenge, na dozi husubiri mpaka mumewe arudi.

Mama yake Somoe alizaa wanane, kwa hiyo niliona wazi kwamba kasoro ni ya Faridi, na kikao ni cha kumrudisha kwao ili Somoe apate mwingine. Nilipompigia Faridi kumpa taarifa alisema, “Shikamoo njomba. Lakini njomba, dawa yenyewe inatulaza vyumba viwili.” Nikamjibu, “Marahaba. Dawa haiulizwi maswali.” Akasema, “Basi na mimi nisiulizwe mtoto.” Somoe akamnyang’anya simu: “Njomba, nisamehe, lakini ukimfukuza huyu, huyo mwingine utaolewa naye wewe!” Wakacheka wote wawili, kisha nikasikia Somoe analia. Nifanyeje?

Njomba, Muheza


Shikamoo, mzee wangu. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikachukua kalenda.

Dozi tatu za miezi mitatu ni miezi tisa. Misimu miwili ya korosho, miezi minane. Katika miezi ishirini na minne ya ndoa, umewatenganisha kumi na saba! Imebaki saba, nayo ya vipande vipande. Karani mzima, hesabu hii ilikupitaje? Mtoto angeingia kwa mlango upi?

Bibi yako simlaumu. Mwanamke aliyeharibikiwa mimba anahitaji kupumzika, na mwiko ule ulimlinda. Somoe hajaharibikiwa na kitu. Umempa mapumziko ya mgonjwa mtu asiyeumwa.

Sasa sikiliza. Kwa mke wa umri wake, madaktari husubiri mwaka mzima wa wawili kukutana kila baada ya siku mbili tatu ndipo waseme pana tatizo. Akiwa amevuka thelathini na tano, husubiri miezi sita. Watoto wanane wa mama yake si cheti chake: mirija huweza kuziba kwa maambukizi yasiyotibiwa, au yai likawa halipevuki. Na mwanamume huweza kuwa na nguvu za kunyanyua pikipiki, na za chumbani pia, huku mbegu zake zikiwa chache au dhaifu. Macho hayalioni hilo, hata ya njomba. Ndiyo maana hupimwa wote wawili, pamoja, bila mshitakiwa. Mengi hutibika. Si yote, na nisikudanganye.

Kwa hiyo kikao ukifute. Mizizi imwagwe, maana hakuna ajuaye inafanya nini mwilini mwa mtu mzima wa afya. Msimu huu tafuta kibarua wa mikorosho, au Somoe afuatane na mumewe Makote, vitenge vinauzika na huko. Mwaka ukiisha bila mimba waende hospitali wakiwa wameshikana mikono, na majibu yawe yao, si ya ukoo. Hata yakiwa mabaya, watu wanaoweza kucheka pamoja siku wanayotishiwa kuachanishwa huwatafutii wengine wa kuwazidi.

Najua mzee, ukiwa mbali na kwenu miaka yote hiyo, simu ndiyo kiti chako cha ukoo. Kikalie vizuri. Mpigie Faridi leo, umwombe radhi, umwambie mwiko umeondoka. Kisha kata simu, na usiwapigie tena kabla ya wiki mbili.