Mkoba Uliotwangwa Kinuni

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa 6, 1975

Uji wa mihogo, bila sukari. Mguu unauma kama kawaida. Nimefagia uwanja. Sasa naandika, maana Mwalimu Rukia wa kisomo cha watu wazima amesema tuandike tunapoweza, herufi zisije zikatukimbia. Mimi hazinikimbii. Niliwashinda wenzangu wote darasani. Wengine mpaka leo K yao kama kiti kilichovunjika.

Jana mkutano wa kijiji. Hasira haijaisha. Mwenyekiti Hamisi aligawa kazi. Vijana shamba la mikorosho. Wengine mihogo. Wengine kujenga zahanati, na akina mama kubeba maji ya matofali. Mwisho akataja wasiojiweza. Hao hawatafanya kazi, wataletewa chakula na kijiji. Akamtaja bibi kipofu wa nyumba ya mwisho. Akamtaja Mzee Chipute. Akanitaja mimi.

Mimi, Abdala Nanjota. Asiyejiweza.

Watu wakanitazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo iliyoniuma. Huyu Hamisi nilimbeba mgongoni akiwa mtoto, ana surua, akanitapikia shingoni. Nikasimama. Goti likalia ko, mkutano mzima ukasikia. Nikasema mimi nina ufundi ambao hana mtu yeyote kutoka hapa mpaka Shangani. Hamisi akauliza kwa adabu, "Ufundi gani, babu?" Hapo nilikuwa sijafikiria. Mlangoni pa ofisi kuna rundo la masweta, wageni wa Ulaya walituletea msaada na hawakuuliza jua letu likoje. Hakuna aliyeyagusa tangu yaje. Nikayaona. Nikasema, kufuma. Nitafuma mkoba wa rangi nyingi, mkoba usiochakaa.

Chipute akacheka mpaka wakampiga mgongoni.

Hamisi amesema nilete kazi yangu kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi. Ikifaa kijiji, nitapewa kazi na kutolewa kwa wasiojiweza. Isipofaa, nipumzike. Alisema "pumzika" vizuri sana. Nimemchukia.

Jumanne, tarehe 3

Nimepewa masweta yenye matundu. Nayafumua. Uzi unatoka umejikunja kama nywele.

Niandike nilivyojifunza. Wakati wa vita niliumia goti, nikalazwa hospitali ya jeshi huko bara kwenye baridi. Muuguzi wa Kizungu akatufundisha kufuma ili tusigombane vitandani. Mimi nilikuwa wa kwanza wodi nzima. Aliniambia mwenyewe. Kizungu chake sikukishika chote, lakini uso ulisema hivyo. Tulifuma blanketi la sufu. Siku moja dobi akalichemsha kwa makosa. Likasinyaa, likashikana, likawa nene kama ngozi ya ng'ombe, hata maji hayapiti. Muuguzi alilia. Mimi nikajiambia, huu ni ufundi.

Mke wangu Bi Somoe ameniambia, "Baba Salumu, tangu unioe sijakuona umeshika sindano." Nikamwambia mkono hausahau.

Mkono umesahau. Nimefuma kitu kama utambi wa taa.

Alhamisi, tarehe 5

Sindano nilitengeneza kwa spoku za baiskeli. Nyembamba mno, uzi unakazana. Nikachonga za mpingo, nene. Nimejikata kidole. Si kitu. Sindano zimetoka nzuri kuliko za dukani. Somoe amesema zinafaa kusongea ugali.

Jumamosi, tarehe 7

Mkono umekumbuka.

Kazi yangu iko hivi. Unaanza na vitanzi vingi. Kila unaporudi, unameza viwili vya katikati viwe kimoja. Mstari unafupika, unafupika, mwisho kinabaki kitanzi kimoja tu na mkononi una kipande cha mraba, kina mchirizi kutoka pembe hadi pembe. Hukishoni na kingine. Unaokota vitanzi kwenye ubavu wake, unaanza kipande kipya hapo hapo, rangi nyingine. Kinaota kwa mwenzake. Na cha tatu kinaota kwa wote wawili. Hakuna mshono. Hamisi anahubiri siasa ya kutegemeana kutwa nzima mpaka sauti inakauka. Angekuja aone vipande vyangu.

Nyekundu, njano, buluu. Hata mimi nimeshangaa, na mimi sishangai ovyo.

Jumatatu, tarehe 9

Chipute alikuja na bakuli lake la wasiojiweza. Ni Myao, mtani wangu, ana ruhusa ya kunitukana. Alikaa mbele yangu akala taratibu. Wali. Na samaki. Kila tonge alilisifu. Akauliza, "Mmakonde, unamfumia nani? Una mimba ya miezi mingapi?" Wanawake waliokuwa wanapita wakasikia. Nilikuwa na jibu zuri sana lakini nilikuwa nahesabu vitanzi. Nilipomaliza kuhesabu alikuwa ameshaondoka.

Jibu lilikuwa zuri kweli.

Alhamisi, tarehe 12

Mke wa balozi wa nyumba kumi ndiye anayegawa mabakuli. Leo alileta langu. Nimelikataa. Nimemwambia ampelekee asiyejiweza.

Somoe kalipokea, kala. Amesema tamu.

Jumapili, tarehe 15

Nyekundu imekaribia kwisha na ubavu mmoja mzima bado. Nimechukua sweta la kijani. Jipya, linang'aa, laini kama ulimi wa mbuzi. Nilishangaa kwa nini nimeliacha siku zote.

Somoe akachukua kipande cha uzi wake, akakichoma kwenye kaa la moto. Akachoma na wa nyekundu. Akanusa. Akasema, "Nyekundu inanuka nywele. Hii ya kijani imekuwa kidonge, inanuka kama nyavu mpya za nailoni. Si kitu kimoja." Nikamwambia mimi nimefuma hospitali ya jeshi, yeye amefuma wapi? Uzi ni uzi.

Akanyamaza. Kunyamaza kwake nakujua. Ni kama sufuria iliyofunikwa, ndani inachemka.

Ijumaa, tarehe 20

Mkoba umekamilika. Mkubwa. Nimeufanya mkubwa makusudi, maana ukichemshwa utasinyaa uwe saizi ya mkoba wa mtu. Hili sikumwambia yeyote. Fundi hasemi yote.

Chipute akaingiza miguu yote miwili, mkoba ukamfika kiunoni. Akatembea nao mpaka kisimani na kurudi. Watoto nyuma. Hamisi naye akapita. "Babu, ni gunia?" Nikamwambia subiri. Akasema, "Haya, babu," kama mtu anayempa pole mgonjwa.

Nimeogopa. Naandika hapa tu. Nisiposhinda, jina langu litabaki pale baina ya kipofu na Chipute mpaka nife, na watu wataniletea bakuli wakiniuliza kwa sauti kubwa kama nimesikia.

Jumatatu, tarehe 23

Leo kuchemsha. Maji kwenye debe, sabuni ya mche nimeikatakata, mkoba ndani. Ulipolainika nikautia kwenye kinu cha Somoe nikaanza kutwanga. Mwanamume, mzee, anatwanga. Waliokuwa wanakwenda shamba wakasimama. Mwanamke mmoja akasema, "Babu, ukimaliza na mahindi yangu yapo." Nikatwanga tu. Huko hospitali dobi alipigapiga, nakumbuka.

Mwanzo mambo mazuri. Nyekundu ikasinyaa. Buluu ikasinyaa. Njano ikashikana, vitanzi havionekani tena, pakawa nene, pagumu, vilevile nilivyosema. Nilikuwa nataka kumwita Chipute.

Kijani ikakataa.

Nikaongeza maji ya moto. Ikakataa. Nikatwanga mpaka bega likafa ganzi. Kijani iko vilevile, laini, inang'aa, haina habari. Wenzake wote wamejikunyata, yeye amebaki mtu mzima. Basi mdomo wa mkoba umebana hata ngumi haiingii, kitako kimekaza, na ubavu wa kijani umefura nje kama samaki bunju aliyeudhiwa. Ukiuweka chini haukai. Unabingirika.

Somoe alikuja, akautazama. Akachukua kinu chake, akaenda kukiosha. Afadhali angenitukana.

Jumanne, tarehe 24

Sina la kuandika.

Jumatano, tarehe 25

Bakuli limekuja tena. Nimekula. Chumvi haikutosha.

Ijumaa, tarehe 27

Nimeamka, mkoba haupo. Nikadhani mbuzi. Nikatoka, namwona Somoe anarudi kisimani na debe la maji kichwani, na mkoba wangu uko chini ya debe. Ameusukumia ubavu wa kijani ndani, mkoba ukawa mviringo, nyama laini katikati na ukingo mgumu pembeni. Ngata. Kazi yangu yote ya ufundi, ameifanya ngata ya kujitwikia maji.

Nikakasirika. Nikamuuliza ni nani aliyempa ruhusa. Akasema, "Ulitaka niukalishe ndani niutazame?" Akainama na debe kichwani, akaokota ukuni, akainuka. Mikono haikugusa debe. Tone halikudondoka.

Nikamwambia arudie.

Ngata za kanga zinateleza, anasema, zikilowa ndiyo kabisa, maji ya matofali yamewamwagikia wanawake shingoni tangu ujenzi uanze. Hii haitelezi na hailowi upesi. Jirani ameshauliza inapatikana wapi. Nikasema, ulimjibu nini? Akasema, "Nimemwambia mume wangu anajua kufuma. Nikaona haya kumwambia alitaka kufuma nini."

Jumapili, tarehe 29

Mkutano. Nimevaa kanzu.

Hamisi akasema babu alete kazi. Nikaleta. Akaigeuza juu chini, akatafuta mdomo, hakuupata. Watu wakaanza. Chipute akauchukua akauvaa kama kofia, akasimama mbele ya mkutano akatoa hotuba ya mkuu wa wilaya, kwa sauti yake hasa. Hata bibi kipofu alicheka, na hakuona kitu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Somoe akainuka. Akamvua Chipute kofia yake. Akaukunja mkoba, akaweka kichwani, akajitwika debe lililojaa mpaka ukingoni. Akauzunguka mkutano mzima, mikono nyuma kama bwana mkubwa anayekagua shamba. Mbele ya Hamisi akapiga magoti, akainuka. Maji yakatulia kama yako mtungini.

Hapo wanawake wakaanza kusema wao, wote kwa pamoja. Wanaotaka walikuwa wengi, na yule wa mahindi ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Wakasema zahanati haitaisha kama maji yanamwagika njiani nusu debe.

Hamisi akaniuliza, "Babu, kwa hiyo ulikusudia ngata?"

Nikasema ndiyo, tangu mwanzo.

Somoe akanitazama. Nikasema, karibu na mwanzo.

Wamepitisha. Nimetolewa kwa wasiojiweza. Natakiwa nifumue masweta yote ya ofisini nifume ngata za kijiji. Lakini Hamisi akasema kijiji hakina kikundi cha kufuma, kipo cha ufundi wa akina mama tu, basi nitakuwa huko. Nikauliza kiongozi wake ni nani. Nilikuwa najua. Ni Bi Somoe.

Chipute hakucheka. Aliishiwa hata nguvu za kucheka, akalala chini kwenye majani.

Nikasema nimekubali, kwa maendeleo ya kijiji.

Jumatatu, tarehe 30

Leo kazi. Tumekaa barazani kwetu, akina mama na mimi. Wamenipa pembe ya mkeka. Mimi nafuma, wao wanafumua. Wawili nimeshawaanzisha kipande cha kwanza, wana mikono ya haraka. Si kama yangu.

Somoe ana kaa la moto kwenye kigae. Kila sweta anachoma uzi wake kidogo, ananusa. Sufu anaweka kulia. Nailoni anaweka kushoto. Sijauliza kitu. Sufu nasinyaza kwa ukingo, nailoni tunaweka katikati iwe mto. Kijani imepata kazi yake.

Amenisahihisha mara moja. Nimefumua.

Adhuhuri mke wa balozi akapita na mabakuli. Akaingia kwa bibi kipofu. Akaingia kwa Chipute. Kwetu akasalimia, akapita.

Leo walipika samaki. Harufu ilikuja mpaka barazani. Nikainua kichwa kidogo. Kisha nikaokota vitanzi, nikaanza kipande kingine.