Huyo "Tu" ni Nani?

Obunga, Kisumu
6 Mei 2024

Kwako wuoda, mwanangu Ooko,

Nakusalimu huko Nairobi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, nalo umelizoea. Wewe je, kifua kimepoa? Unakula, ama bado ni chai na mandazi mpaka jioni?

Nakuandikia na kuipeleka barua kwa basi kwa sababu kwa simu unaniambia, "Mama, niko mkutanoni." Barua haikatwi katikati.

Vile vijitabu vyenu vimefika. Chifu aliletewa maboksi mazima, DENI LETU, JUKUMU LETU, rangi kila ukurasa. Hakujua aviweke wapi, akatugawia sisi wa samaki. Karatasi ni nzuri, haipitishi mafuta haraka. Sasa mgongo wazi wote wa Obunga, ile mifupa ya mbuta tunayokaanga, unafungwa ndani ya deni la taifa. Mteja akimaliza kunyonya mifupa, anasoma.

Hapo kuna jambo nataka unieleze. Minofu ya mbuta inatolewa kiwandani, inapanda ndege, inakwenda kuliwa ng'ambo. Sisi tunabaki kukaanga uti wa mgongo. Halafu ni sisi tena tuko na deni la ng'ambo. Limetoka wapi, kwa mifupa?

Nikajisifu kidogo, nisamehe. Niliwaambia wenzangu wa chama chetu cha kuweka na kukopa, "Hiki Kiswahili ni cha mwanangu. Yeye ndiye huandikia ofisi ya madeni vijitabu." Beldina, mwenyekiti wetu, akanyamaza. Nilipaswa kuuliza kwa nini. Beldina huwa hanyamazi.

Redio inasema mafuta ya kupikia yatawekewa ushuru mwingine. Dumu likipanda tena nitakaanga kwa maji ya ziwa. Niandikie ukweli niwasomee: tunalipa nini, na kwa nani?

Mama yako,
Min Ooko


Accra
15 Mei 2024

Mama mpendwa,

Barua yako ilinikuta nikifunga begi. Kifua kimepoa. Goti lifunge kwa kitambaa chenye joto, tafadhali, na usikae kwenye unyevu wa asubuhi. Niko Accra kwa semina ya wiki mbili, kwa hiyo namtumia Rachael wa saiba, yule wa kompyuta, barua hii akuchapishie.

Kuhusu swali lako. Mama, tulikopa. Tulikopa kwa ajili ya barabara, reli na mambo mengi ya maendeleo. Sasa riba imepanda, na tusipolipa hakuna atakayetuamini tena. Kwa hiyo ni lazima tukaze mkanda, sote, mpaka tuvuke. Waeleze wenzako hivyo, kwa upole. Wataelewa.

Hata hapa Ghana walikopa. Dereva wetu ameniambia mwaka jana wazee wastaafu walikuwa wanaketi nje ya wizara na mabango, kwa sababu akiba yao ilitaka kuguswa. Mama yake mwenyewe alikuwa anakwenda na mto wa kukalia. Nikamuuliza, "Ilisaidia?" Akasema wazee waliachiwa akiba yao. "Sisi vijana tulidhani watapigwa na jua tu warudi nyumbani."

Wenzangu kwenye gari walicheka. Mimi pia nilicheka, nadhani.

Mwanao,
Ooko


Obunga
22 Mei 2024

Ooko,

Salamu zipo, afya ipo, kochi halipo.

Rachael aliichapisha barua yako, akaisoma kwanza kama kawaida yake, halafu badala ya kuniletea akaenda nayo moja kwa moja kikaoni. Akaisoma mbele ya chama chote kwa sauti ya misa. Alipofika pale "tulikopa", Beldina akainua mkono.

"Rudia hapo."

"Mama, tulikopa."

"Huyo 'tu' ni nani?"

Rachael akasema labda ni sisi sote. Beldina akawageukia wanawake. "Nani hapa alikaa kikao cha huo mkopo? Aloo, ulikuwepo?"

"Mimi siku hiyo nilikuwa na malaria," Aloo akasema. Hakuuliza siku gani.

"Lornah?"

"Mimi hata hiyo reli sijaipanda."

"Basi sisi si 'tu'. 'Tu' ni Ooko na wenzake, na amekubali kwa maandishi. Mdhamini wake ni nani?"

Wote wakanitazama mimi.

Nikasema, "Jameni, mimi ni mama yake. Mama si mdhamini."

"Si ulimsifu hapa juzi? Ukimsifu mkopaji mbele ya chama, umemdhamini."

Sheria yetu unaijua. Aliyekopa asipokuja kikaoni, vitu vya mdhamini vinabebwa mpaka aje mwenyewe. Sikuweza kubisha sana, maana sheria hiyo niliitunga mimi, mwaka ule tulipobeba sufuria za Mama Robinson. Wakabeba kochi. Wakabeba karai. Nikawashikia mlango, walikuwa wanaumiza fremu.

Sasa bila karai sikaangi, na bila kukaanga unajua mwenyewe. Mifupa niliyonunua asubuhi ile imeliwa na paka, ambao hawakuniuliza chochote kuhusu taifa. Wanawake hawataki pesa. Wanataka uje, uketi mbele yao, ujibu lile swali. Njoo, Ooko, nirudishiwe karai langu.

Mama yako,
Min Ooko


Nairobi
30 Mei 2024

Mama,

Natumai barua hii inakukuta salama na goti limetulia. Nimerudi Nairobi jana, nimechoka, na nimesoma barua yako nikidhani ni mzaha.

Mama, hiyo si sheria. Deni la taifa si mkopo wa chama. Hakuna mahali popote duniani mtu hunyang'anywa kochi kwa deni la nchi. Nimempigia chifu, atapita. Nimekutumia pesa za karai jipya. Nunua lile zito.

Kuja siwezi. Mswada wa huo ushuru uko Bungeni, likizo zimefutwa, na bosi anataka kijitabu cha pili kabla Juni haijaisha. Na tafadhali waeleze vizuri: si mimi niliyekopa. Waliokopa ni wakubwa. Mimi huandika tu.

Mwanao,
Ooko


Obunga
11 Juni 2024

Ooko,

Pole na uchovu. Hapa tuko wazima, hata makarai ni mazima, ila yako kwa Beldina.

Nasema makarai kwa sababu sasa ni mawili. Nilinunua lile zito. Wakaja wakalibeba, wakasema asante. Na chifu wako alipita kwa Beldina. Alimkuta mke wake ameketi kwenye kochi letu, maana naye ni mwanachama. Akanywa chai, akauliza kuhusu mvua, akaenda zake.

Barua yako niliwasomea mwenyewe, nikidhani itakuokoa. Nilipomaliza Beldina akapiga makofi.

"Mmesikia? Amesema mwenyewe. 'Mimi huandika tu.' Sisi tunamtafuta anayeandika 'tu', kumbe ni yeye!"

"Si 'tu' hiyo," nikasema. "Ni 'tu' ile nyingine."

"Min Ooko, kuna 'tu' ngapi kwa hili deni?"

Wakacheka mpaka Aloo akashika ukuta. Halafu Beldina akaacha kucheka. Akasema, kama waliokopa ni wakubwa, basi Ooko anawajua, kwa hiyo ana zaidi ya kutueleza. Umejiongezea kesi.

Mimi nimechoka kuwa katikati. Namkwarulia Lornah magamba ya samaki ili nipate ya unga, katika umri huu, na yeye ananiita "wewe wa Nairobi". Nilikuzaa, Ooko, sikukukopa. Lakini kila siku ni mimi ninakulipa.

Vijana wanasema wataingia barabarani kupinga huo mswada. Chama kimeamua nacho kitaenda. Nimeulizwa kama nitaenda upande wao ama upande wa mwanangu. Nimewaambia mwanangu hana upande, ana ofisi.

Mama yako,
Min Ooko


Nairobi
26 Juni 2024

Mama,

Sianzi na salamu. Simu yako imezimwa tangu jana mchana.

Jana tulifungiwa ofisini. Walinzi waliteremsha milango ya chini na tukasikia risasi mjini. Mtu akawasha runinga. Ikaonyesha Kisumu: moshi, vijana wanakimbia, na katikati ya barabara kina mama wameketi chini, makarai vichwani. Mmoja alikuwa amenyoosha mguu mmoja mbele, kama mtu ambaye goti lake halikunjiki. Kisha moshi ukawafunika na wakaenda kwenye habari nyingine.

Ulikuwa wewe?

Leo imetangazwa mswada hautatiwa sahihi. Hapa watu wanaulizana kijitabu cha pili kifanyiwe nini. Mimi sijui kama mama yangu anapumua. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, nimemwomba amtafute Rachael. Nijibu kwa njia yoyote.

Ooko


Asembo, kwa dada yangu
3 Julai 2024

Ooko,

Niko hai. Anayeandika ni binti wa dada yangu, kwa sababu mkono wa kulia umevunjika. Kukiwa na makosa ni yake.

Ndiyo, nilikuwa mimi. Asubuhi ile Beldina aliniletea karai langu la zamani. "Hili tunakuazima. Jioni lirudi." Tukaketi barabarani na kuimba. Mkebe wa moshi wa polisi ukanigonga kichwani, karai likalia kama kengele ya kanisa, na bila karai hilo sijui ningekuwa nakuandikia kutoka wapi. Tukakimbia. Mimi kukimbia unajua. Nikaanguka, nikauangukia mkono. Wenzangu walinipakia juu ya kochi letu wenyewe, kochi juu ya mkokoteni, wakanisukuma mpaka zahanati. Jioni karai lilirudi kwa Beldina, kama tulivyokubaliana.

Kuna mama mmoja wa mtaa wa Nyalenda ambaye mtoto wake hajarudi nyumbani. Hapo sina la kuchekesha.

Mswada umekufa. Nimetuma mtu dukani: dumu la mafuta liko bei ileile. Na wanawake bado wanakungoja wewe. Sikuombi tena. Usinitumie pesa, usinitumie chifu, usinitumie maelezo. Nitakaa hapa mpaka mfupa ushike.

Mama yako,
kwa mkono wa mwingine


Obunga
17 Julai 2024

Mama,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwako. Mkono unaendeleaje? Unaweza kuchezesha vidole? Dada yako asikuchoshe kwa maombi ya usiku, unahitaji kulala.

Nilifika Jumamosi. Beldina hakunisalimu. Alinielekeza kochi kwa kidole, nikaketi, wote wakaketi chini wakiniangalia. Nilikuwa nimesahau kuwa lile kochi limezama upande wa kushoto. Nilijibu maswali yote nimeinama kama mlevi.

"Huyo 'tu' ni nani?"

Jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nimelipanga tangu Nakuru. Lilikuwa na neno "wajibu" mara tatu. Nikawatazama, Lornah ana kovu jipya juu ya jicho, na jibu likaniishia.

Niliwaambia hivi. Rasimu niliyopewa ilisema "serikali ilikopa". Bosi akasema ni baridi mno, haiwagusi wananchi. Mimi ndiye niliyefuta "serikali", nikaandika "tulikopa". Ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Nilisifiwa sana. Ndiyo maana nilichaguliwa kwenda Accra.

Aloo akauliza polepole, "Kwa hiyo tulimkamata mtu mwenyewe?"

"Ala!" Lornah akasema. "Na sisi tulikuwa tunamtania."

Beldina akatuma watu wakalete maboksi yaliyobaki kwa chifu. Akanipa kalamu. "Uliyemfuta, mrudishe." Ndiyo kazi niliyo nayo tangu siku hiyo, mama: nakata "tu" na kuandika "serikali", kijitabu baada ya kijitabu, na kila kinachokwisha kinachukuliwa kufungia samaki. Wateja wengine wameanza kuulizia kilichosahihishwa, hicho kingine wanakirudisha.

Makarai yote mawili yamerudi. Moja linakaanga sasa hivi. Nakaanga mimi, kwa sababu wateja wako walikuwa wanapotea, na nimeshaunguza mara nyingi kuliko nitakavyoandika hapa. Kochi wamesema litabaki mpaka maboksi yaishe.

Ofisini nilitakiwa Jumatatu. Leo ni Jumatano. Bosi amepiga, nikamwambia niko mkutanoni.

Tatizo ni kwamba habari imefika Nyalenda. Jana walikuja wanawake wa chama cha huko kuniomba niende kwao Ijumaa, wana maboksi yao. Nilisimama nijibu, Beldina akanipita akaenda kuzungumza nao mlangoni. Nilimsikia.

"Tunawaazima. Jumamosi awe amerudi, ameshiba, na dumu moja la mafuta juu."

Nikasema, "Mama Beldina, mimi si mali ya chama."

Hakugeuka.

"Asiporudi?" mmoja wa Nyalenda akauliza.

"Mdhamini wake yuko Asembo," akawaambia. "Mfupa ukishika tu, atawafuata mwenyewe."

Mwanao,
Ooko